Chile 1972: Teleksi Iliyookoa Jahazi

Ndugu zangu, tukisikia kompyuta itamsaidia mtawala kuamua, tuikumbuke Chile. Mwaka 1971 serikali ya Allende ilimwita Mwingereza Stafford Beer asaidie kuendesha viwanda vya taifa. Mradi wake, Cybersyn, ukawa na chumba chenye viti saba, na programu ya CHECO ya kuuigiza uchumi: tukifanya hivi, kesho itakuwaje? Oktoba 1972 wenye malori wakagoma. CHECO ilikuwa bado ya majaribio. Iliyofaa ni teleksi: kiwanda gani kimepungukiwa, njia ipi iko wazi, malori yaliyobaki yaende wapi. Mapinduzi ya Septemba 1973 yakauzika mradi. Jamani, kuigiza kesho bila habari za kweli za leo ni ramli tu.