Kichocho, Homoni za Jinsi na Figo katika Mwambao wa Rumonge: Mtazamo wa Kihistoria

Rumonge, mji wa wavuvi na wakamuaji wa mawese ulio takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, umeishi kwa maji ya Ziwa Tanganyika na mito iingiayo humo. Maji hayo hayo yana konokono wabebao vimelea vya kichocho cha tumbo. Makala hii inadai kwamba umri na jinsi, ambavyo takwimu za kichocho huviweka kama safu za jedwali tu, vina historia yake ndani ya mwili, na kwamba figo ni mahali pazuri pa kuisoma historia hiyo.

Mwaka 1993 Engels, Ndoricimpa na Gryseels walichapisha tathmini ya udhibiti wa kichocho nchini Burundi tangu 1985. Kipimo kikuu cha zama hizo kilikuwa mayai ya kimelea katika choo, na madhara yaliyotazamwa zaidi yalikuwa ya utumbo na ini. Hata hivyo, mwaka 1979 Andrade na Rocha wa Brazil walikwisha kueleza jinsi kichocho cha aina hiyo kinavyoweza kudhuru vichujio vya figo.

Kupungua kwa maambukizi baada ya utoto kulizoeleka kuelezwa kwa mwenendo: watoto huogelea, wakubwa huacha. Mwaka 1998 Fulford, Ouma na wenzao, waliofanya utafiti Kenya, walipendekeza kuwa balehe yenyewe hupunguza wepesi wa kuambukizwa. Kwa upande wa figo, Selye alionyesha mwaka 1939 kwamba testosteroni hukuza figo za panya; na mwaka 2000 Neugarten na wenzake, baada ya kujumlisha tafiti nyingi, waliona kuwa ugonjwa sugu wa figo usiotokana na kisukari huendelea kwa kasi zaidi kwa wanaume. Estrojeni hudhaniwa kuwa mojawapo ya kinga za wanawake, nayo hupungua hedhi inapokoma.

Hapa ndipo sera inapogusa mwili. Hadi Shirika la Afya Duniani lilipobadili msimamo mwaka 2002, wajawazito na wanaonyonyesha kwa kawaida hawakupewa prazikwanteli. Mama afuaye nguo ziwani, mwenye uzazi wa mfululizo, angeweza kurukwa mara kwa mara, kisha akafikia ukomo wa hedhi akiwa na vimelea vya miaka mingi na kinga iliyopungua.

Kwa hiyo, mwanahistoria wa mwambao huu hana budi kuuliza si nani aliyetibiwa tu, bali alitibiwa katika kipindi gani cha maisha ya mwili wake.