Mito ya Sabine na bafle za baba

Wandugu, mwaka jana kidogo tu niuze bafle mbili za marehemu baba. Bess ilikuwa inavuma kama mtu anapiga pipa, maneno ya muimbaji hayasikiki. Mnunuzi alisikiliza dakika mbili, akataja bei ya kutia haya. Nikakubali, juu ya minerval ya mdogo wangu. Akasema atarudi siku ya posho.

Usiku ule nikakumbuka habari moja tuliyoipita mbio katika kozi ya fizika. Mwaka 1895, kule Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa masomo katika jumba la Fogg. Haukufaa kitu: neno moja lilibaki likivuma sekunde 5 na nusu, profesa anasema la pili wakati la kwanza halijakufa. Kazi akapewa mwalimu kijana, Wallace Sabine. Yeye hakugusa msemaji, aligusa chumba. Usiku, pamoja na wasaidizi wake, alibeba mito ya viti kutoka Sanders Theatre, akaipanga ukumbini, akapiga filimbi ya ogani na kupima kwa saa sauti inakufa lini. Kisha mito inarudishwa. Kumbe ukiongeza mara mbili vitu vinavyomeza sauti, muda wa mwangwi unapungua nusu. Boston Symphony Hall, iliyofunguliwa 1900, ilijengwa kwa hesabu zake.

Na bafle ya koili na karatasi, hii tunayoijua, Rice na Kellogg waliieleza 1925 tu. Dawa ya chumba ilitangulia bafle miaka 30! Mwaka 1974 Roy Allison naye akaonyesha namna kuta za karibu zinabadilisha bess ya bafle.

Saloni yetu hapa Lubumbashi ni simenti tupu, na bafle zilikuwa zimesukumwa ndani ya kona, njo mahali bess inavimba kabisa. Kwanza nilijaribu kuikata kwenye ekwalaiza: mvumo ulipungua, lakini gita la bess nalo likapotea. Basi nikazitoa kona, sentimita 60 kutoka ukutani, juu ya matofali mpaka zifikie usawa wa masikio, zikitazama kanape. Ukuta wa nyuma ya kanape nikauegemeza matela, dirishani nikatundika blanketi.

Siku ya posho mnunuzi akarudi na franka zake. Mama alikuwa kwenye kanape, macho amefunga.

«Papa, utusamehe,» akamwambia, «hizi haziuzwi tena.»

Minerval tuliikopa kwa mjomba. Matela iko pale pale mpaka leo.