Kovu, Inkovu na Panya wa Laikipia

Wanafunzi wetu hapa Rohero hawapati taabu na neno "kovu", kwani Kirundi kina "inkovu" na maana ni ileile. Taabu iko katika kitenzi "kupona". Kidonda kilichoacha kovu na kisichoacha alama yoyote, vyote tunasema vimepona. Wanabiolojia hutenganisha mambo hayo mawili, na historia ya jambo hilo imepita hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1768 Mwitalia Lazzaro Spallanzani alieleza kwamba salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi na ngozi laini kama ya chura, akikatwa mkia huota mwingine. Mjusi wa ukutani naye sote tunamjua, ingawa mkia wake wa pili huwa na gegedu badala ya mifupa. Ama ngozi ya mamalia aliyekomaa, iliyofundishwa miaka mingi ni kwamba jeraha kubwa huzibwa na kovu.

Septemba 2012, Ashley Seifert na wenzake, akiwemo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha katika jarida la Nature habari za panya-miiba wa aina mbili kutoka vilima vya mawe vya Laikipia, Kenya. Ngozi ya panya hao ni dhaifu karibu mara 20 kuliko ya panya wa maabara. Akikamatwa, huiacha kwa adui akakimbia, na anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo (sentensi hiyo niliisoma mara mbili). Kisha ngozi hurudi, pamoja na manyoya yake. Watafiti walitoboa masikio yao matundu ya milimita 4. Yakajaa tena ngozi, vinyweleo, tezi za mafuta na gegedu. Kwa kawaida nyuzi za kolajeni husongamana jerahani zikawa kovu. Kwa panya hawa hukaa kwa nafasi.

Sasa, mfasiri wa matini ya tiba aandike nini? Aliyeungua moto akiambiwa ngozi yake "itapona", ameahidiwa kipi? Mimi hutumia "kuziba kwa kovu" kwa hali ya kwanza na "kuota upya" kwa ya pili. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ngozi nayo huota, kama mahindi. Nikamwuliza ndevu zake zilifanyaje.