Tarehe ya Wakilindi wa Usambara

Wakilindi walitawala milima ya Usambara tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18 hadi mwanzo wa uhuru wa Tanganyika, ingawa katika miaka karibu 70 ya mwisho utawala wao ulikuwa wa jina kuliko wa nguvu. Mwanzilishi wa nasaba hiyo ni Mbegha, mwindaji kutoka Nguu. Masimulizi yanasema alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, na ndugu zake wakamfukuza kwa kuhofia nuksi. Akakimbilia Kilindi, huko huko Nguu, akachanjiana damu na mwana wa mkubwa wa mji. Kijana yule alipouawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni, Mbegha alitoroka tena na kupanda Usambara. Huko nguruwe walikuwa wakimaliza mashamba. Mbegha akawaua, akagawa nyama, akaamua magomvi, akapewa wake, na usiku wa safari ya kwenda Vugha, mji uliokuja kuwa makao ya wafalme, akaua simba. Ndiyo maana kila aliyekalia kiti cha Vugha baada yake aliitwa Simba Mwene.

Hiyo ni hadithi ya nasaba iliyopenda ijulikane kwamba ilikaribishwa, wala haikuvamia, na msomaji ana haki ya kuitilia shaka. Lisilo na shaka ni kwamba kabla ya Wakilindi milima ile haikuwa na mtawala mmoja. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake. Mbegha alioa katika nchi mbalimbali za Usambara, na wanawe wakapewa kutawala kwa wajomba zao. Bughe, aliyezaliwa na mke wa Vugha, akawa mkubwa wa wote. Mpango huo wa mfalme Vugha na wanawe mikoani ndio uliojenga dola, na baadaye ndio ulioibomoa.

Dola ilifika kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, mjukuu wa Bughe, aliyetawala tangu mwaka 1815 hivi hadi 1862. Aliaminika kuwa na mamlaka juu ya mvua: akitaka aiponye nchi, akitaka aidhuru. Ng'ombe na mazao ya ushuru vilipanda Vugha kutoka kila upande, na sehemu yake iliwarudia watu nyakati za njaa na katika karamu. Watawala wa vijiji vya Bonde, nchi iliyo kati ya milima na pwani, walikuwa wanawe na jamaa zake. Pwani, baina ya Tanga na Pangani, hali ilikuwa ya namna ya pekee: madiwani wa miji walipata idhini yao kwa Kimweri, na wakati huo huo Sultani Said wa Unguja aliweka maliwali na watoza ushuru wa forodha. Wafalme wawili walitawala ufuko mmoja bila vita, kwa kuwa mmoja alitazama bara na mwingine bahari.

Vugha yenyewe ilijitenga. Wageni walipokewa, wakapewa chakula na kusikilizwa, lakini walilazwa nje ya mji. Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Richard Burton na John Speke walifika Februari 1857, wakamkuta Kimweri mzee aliyechoka, akitafuta kwa wageni dawa ya kumrudishia nguvu. Burton alikadiria mji una nyumba 500 hivi. Mtindo huu wa kumweka mgeni mlangoni haukuwa wa Usambara peke yake. Japani, kwa zaidi ya miaka 200, iliwafungia wafanyabiashara wa Kiholanzi katika kisiwa kidogo cha Deshima, bandarini Nagasaki, hadi Julai 1853, manowari za Kimarekani za Matthew Perry zilipoingia ghuba ya Edo. Mkataba wa kufungua bandari ukatiwa saini mwaka uliofuata.

Usambara haikuendewa na manowari. Dunia iliipitia chini, kwenye uwanda wa mto Pangani, kwa miguu ya wapagazi. Bei ya pembe za ndovu ilikuwa ikipanda, na misafara kutoka Pangani ilifuata bonde la mto hadi Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Ilibeba merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, na zaidi ya vyote bunduki za gumegume na baruti. Njia hiyo haikupanda Vugha, na wazee wa Vugha hawakuwa na sababu ya kuishukia: heshima yao ilikuwa mlimani, na homa ilikuwa uwandani.

Aliyeielewa njia ile alikuwa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri. Alihamia Mazinde, chini ya mlima, pale ambapo kila msafara ulilazimika kupita. Alitoza hongo, akanunua bunduki, akakusanya wafuasi ambao si Wasambaa, hasa Wazigua, watu waliomfuata kwa sababu ya mali bila kujali nasaba. Alivaa nguo za pwani na kuishi kama mtu wa pwani. Kwa baba yake, mkubwa alijulikana kwa ng'ombe na mvua; kwa Semboja, alijulikana kwa shehena na risasi. Akiitwa mtu wa mabadiliko, jina hilo ni lake kwa haki.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilimwendea mjukuu wake Shekulwavu, kijana ambaye baba zake wadogo walikuwa na umri, watu na silaha kumzidi. Ugomvi ulianza kwa madai madogo ya nani ana haki juu ya nani, na mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliiteka Vugha kwa msaada wa wapiganaji kutoka nje ya milima. Shekulwavu alikimbilia mashariki na kufa huko. Semboja hakuketi Vugha hata baada ya ushindi: alimweka mwanawe Kimweri Maguvu, naye akarudi Mazinde. Tendo hilo linaeleza zaidi kuliko vita vyenyewe. Kiti cha Mbegha kilikuwa kimegeuka kuwa cheo cha kumgawia mtoto, na nguvu ilikuwa kando ya njia ya misafara.

Wabondei waliitumia nafasi hiyo. Katika maasi yanayojulikana kama Kiva, waliwaua au kuwafukuza Wakilindi waliowatawala, na Bonde likatoka mikononi mwa Vugha moja kwa moja. Ndugu wa Shekulwavu waliendeleza vita kutoka Usambara ya Mashariki, kwanza Chanyeghea, kisha Kibanga. Kila upande ulihitaji baruti, na aliyekosa pembe alilipa kwa watu. Mateka walishushwa Pangani, wengine wakaishia kwenye mashamba ya miwa ya mto ule, wengine wakavushwa Pemba kwa magendo, hata baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Watu waliohama mabonde wazi walijenga kwenye ncha za milima, na mashamba mazuri yakaachwa.

Mwaka 1868, karibu wakati ule ule Vugha ilipokuwa inaanguka, wapinzani wa utawala wa kijeshi wa shogun huko Japani walimrudisha mfalme Meiji madarakani, nao pia walitumia bunduki za kigeni na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tofauti ilikuja baada ya ushindi. Mwaka 1871 serikali mpya ilifuta himaya za mabwana wote wa mikoa na kuchukua kodi zao. Mwaka 1873 ilianza kuandikisha askari kutoka kila tabaka. Silaha na kodi zikawa za hazina moja. Usambara njia ilikwenda kinyume: kila mwana wa Kimweri aliyepata bandari au msafara wake alinunua bunduki zake mwenyewe, na mpango wa zamani wa wana mikoani ukawapa sababu ya kutomtii yeyote. Kulaumu bunduki peke yake, kama ilivyo kawaida, ni kumpunguzia Semboja wajibu wake. Alikuwa na uwezo wa kuunganisha, akachagua kutoza hongo.

Mjerumani alipofika hakukuta dola ya kupigana naye. Kampuni ya Kijerumani ilipotwaa miji ya pwani Agosti 1888, Abushiri bin Salim aliongoza upinzani Pangani, na wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakitoka Usambara, walikamatwa na kuachiliwa kwa fidia. Kamanda wa Kijerumani, Hermann Wissmann, aliteka Pangani na Tanga Julai 1889, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba. Semboja alifanya suluhu, na Wajerumani wakajenga kituo pale pale Mazinde.

Semboja alikufa mwaka 1895. Mwaka huo huo mwanawe Mputa, aliyetawala Vugha baada ya Kimweri Maguvu, alinyongwa na Wajerumani, nao wakamweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu. Vugha iliungua mwaka 1898, na Kinyashi akajiuzulu mwaka 1903. Kufikia hapo reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa Korogwe. Mwaka 1905 ilifika Mombo, ikifuata kwa sehemu kubwa bonde lile lile lililomtajirisha Semboja. Tarehe ya Wakilindi ilikuwa tayari inaandikwa kwa Kiswahili: Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyeishi nao kwa miaka mingi, alitunga Habari za Wakilindi, na wamisionari wa kituo cha Magila wakaichapa kwa mafungu kati ya 1895 na 1907.

Waingereza walimrudisha Kinyashi mwaka 1926 kwa mfumo wa kutawala kupitia machifu, naye akajiuzulu tena mwaka 1929. Wa mwisho kukalia kiti hicho alikuwa Kimweri Mputa Magogo, aliyetawazwa mwaka 1947. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta sheria ya machifu nchini kote, na mamlaka ya Usambara yakabaki kwa halmashauri ya wilaya, Lushoto.