Ukurasa Usio na Namba

Kitabu kikishapigwa skana ili wasioona wakisikilize kwa kompyuta inayotamka maneno, watu huona namba ya ukurasa iliyopotea ni kasoro ndogo. Mimi ninayesahihisha prufu za vitabu vya historia ya kwetu Kyela nasema si ndogo hata kidogo.

Chukua Good Company cha Monica Wilson, cha mwaka 1951. Yeye na mumewe, Godfrey, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu kilijulikana kwa habari za vijiji vya rika: vijana wanaondoka kwa baba zao, wanajenga kijiji chao pamoja. Mwaka 1973 Michael McKenny akaandika kuipinga picha hiyo. Sasa bwana, mwanafunzi asiyeona wa Matema au Ipinda akitaka kuingia katika ubishi huo atasemaje? "Kuna mahali Wilson kasema"? Ataulizwa: wapi? Mwenye macho anafunua, anataja ukurasa, mjadala unaendelea. Huyu anabaki msikilizaji wa hadithi tu, ilhali wanaozungumzwa humo ni babu zake.

Wanaoboronga ni wale wasiouliza namba imekosekana kwa nini. Pengine ilichapwa, skana ikaikata pembeni. Irudishwe. Pengine mpiga chapa hakuiweka kabisa. Ukurasa wa kuanzia sura huhesabiwa hata usipoandikwa namba: ukikaa kati ya 40 na 42, ni 41, andika bila hofu. Lakini picha zilizochapwa kwenye karatasi za pekee na kupachikwa katikati, mara nyingi hazimo katika hesabu. Ukizipa namba, kurasa zote zinazofuata zinasogea, na faharasa nzima inakuwa ya uongo. Mimi huandika "picha, haina namba", basi.

Na ikiwa 62 inafuatwa na 65, sentensi imekatika? Hapo imepotea karatasi nzima. Tafuta nakala nyingine. Wapo wanaopanga namba upya ili zifuatane vizuri. Huko ni kufukia shimo, na asiyeona hana njia ya kulishtukia.

Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, umelegeza kamba ya hakimiliki kwa kazi hii. Kilichobaki ni mtu wa kukaa na kitabu cha karatasi mkononi, akihesabu ukurasa kwa ukurasa.