Mwanamuziki na Soko

Mpiga ala aingiaye ukumbini huwakuta watu wamekwisha kulipa, wameketi, na wamenyamaza kumngoja yeye. Aingiaye sokoni huwakuta watu waliokuja kwa shughuli nyingine kabisa. Huyu atafuta mbegu za maharagwe, yule ana kuku kwapani na bei kichwani, na wa tatu ana haraka ya kufika nyumbani kabla ya mvua. Hakuna aliyemwalika mpiga ala, wala hakuna kuta za kuirudisha sauti yake. Akitaka chakula cha jioni, sharti awasimamishe watu hao kwa ala yake tupu na koo lake, pasipo mtambo wowote wa kukuza sauti. Nakuomba, msomaji, uishike hali hiyo moyoni usomapo kurasa hizi, kwa maana naamini kwamba sehemu kubwa ya muziki wa nchi zetu ilipata umbo lake kwa sababu ya shida hiyo.

Tuanze pwani, kwa mtu ambaye bila shaka umekwisha kulisikia jina lake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akajifunza kazi hiyo. Vyungu vilipokwisha kuchomwa, Siti alivitwika kichwani, akashika njia ya mjini kwa miguu, akivinadi kwa wimbo. Sauti ilitangulia na mwenyewe akafuata. Watu wa majumbani walijua kwamba muuza vyungu yu njiani kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa taarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wanafunzi wengi wa Kiswahili wamemjua kwa kitabu hicho. Watu husifu zaidi ile safari ya Bombay. Mimi naistahi zaidi njia ya Fumba. Mtu aimbaye huku akitembea, mzigo ukiwa kichwani, hujifunza kuipima pumzi yake, na hujifunza kuyatamka maneno hata yaingie dirishani kwa mtu asiyekuwa na nia ya kusikiliza. Mafunzo hayo hayapatikani bure.

Bara nako soko lilikuwa na mabingwa wake. Katika nchi ya Wakikuyu kulikuwa na mchezo wa gicandi. Jina hilo ni la kibuyu kilichotiwa mbegu ndani ili kilie kikitikiswa, na kuchorwa alama nje; alama hizo zilimkumbusha mwenye kibuyu mpango wa utenzi wake. Mashairi ya gicandi yalikuwa mafumbo. Waimbaji wawili walikabiliana mbele ya watu wa sokoni, mmoja akifumba na mwenziwe akifumbua, na aliyeshindwa aliweza kunyang'anywa kibuyu chake. Fikiri, msomaji, maana ya hasara hiyo. Yule mtu hakupoteza sifa peke yake. Alipoteza chombo cha kazi, kama fundi aliyenyang'anywa msumeno. Ndiyo maana watu waliacha kununua viazi wakasimama kutazama.

Nyatiti ya Wajaluo haikuzaliwa sokoni. Makao yake ya asili ni matanga na karamu za pombe. Lakini yatufaa kuichungulia, kwa kuwa yaonyesha jinsi mtu mmoja awezavyo kujifanya wengi. Ala hii ina nyuzi nane, na mpigaji wake, aitwaye jathum, huketi juu ya kigoda kifupi. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, ambayo huigonga katika mti wa ala. Na mguuni hufunga njuga. Basi mikono yapiga nyuzi, mguu wapiga chuma na njuga, na kinywa chaimba. Malipo yake nayo yana utaratibu wa kupendeza. Msikilizaji aliyeguswa huisimamisha nyatiti kwa kutoa fedha, akajisifu mwenyewe au akamsifu rafiki yake mbele ya watu wote. Na akimaliza, ala huendelea mpaka atokee mwingine. Desturi hiyo huitwa pakruok. Hakuna tikiti, wala hakuna mlango wa kulindwa. Fedha hutoka mkononi mwa aliyefurahi na kuingia mkononi mwa aliyemfurahisha, na kila mtu hushuhudia. Hilo nitalirudia.

Gitaa lilikuwa mgeni. Pwani ilipata mpigaji hodari katika Fundi Konde, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwatumbuiza askari wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Asia. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi makwao na akiba kidogo na hamu kubwa ya mambo waliyoyaona, na baadhi yao walirudi na magitaa. Magharibi ya Kenya ilikuwa tayari kumpokea mgeni huyo. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na mapema katika miaka ya 1930 tawi lake lilifika Butere kwa kupitia Maseno, Luanda na Yala. Vijana walipanda treni kwenda kutafuta kazi mijini na katika mashamba ya walowezi. Walirudi kwa treni ile ile na baiskeli, santuri, na gitaa. Asiyekuwa na fedha ya dukani alijitengenezea lake kwa debe, ubao, na waya wa breki za baiskeli. Na aliyetaka kupandisha sauti za nyuzi zote kwa pamoja alilaza penseli juu ya shingo ya gitaa, akaifunga kwa mpira. Nimewaona waalimu wa muziki wakiicheka penseli hiyo, lakini kifaa cha madukani kifanyacho kazi hiyo hakifanyi lolote lililoishinda penseli.

Katika nchi ya Waluhya gitaa lilifundishwa mwendo mpya uitwao omutibo, na bingwa wake aliyejulikana kuliko wote alikuwa George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Mpigaji wa omutibo hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba huzipiga nyuzi nene bila ya kukoma, mfano wa ngoma. Kidole cha shahada huchezesha wimbo katika nyuzi nyembamba. Aliye mbali asikiapo aweza kuapa kwamba kuna magitaa mawili. Mtu mmoja huwa bendi nzima, na katika siku ya mapato haba hiyo ni neema, maana fedha haigawanywi!

Hata hivyo gitaa lisilotiwa umeme, ambalo watu hupenda kuliita gitaa kavu, lina sauti ndogo. Chumbani latosha. Uwanjani sauti yake hutawanyika kila upande na kupotea. Dawa ya ugonjwa huu ilipatikana katika kreti ya soda. Chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mistari iliyoinuka, iligongwa na kukwaruzwa kwa kipande cha chuma, na mlio wake ukawa ndio saa ya wimbo. Kwa nini chupa, wala si ngoma? Sikiliza soko kwa masikio ya mwanafunzi wa fizikia. Mazungumzo ya watu, mlio wa ng'ombe na ngurumo ya lori ni sauti nzito, nazo humeza kila sauti nzito inayofanana nazo. Mlio wa kioo ni mwembamba na mkali. Hupenya juu ya kishindo hicho kama sindano ipenyavyo gunia. Mtu aliyesimama mwisho wa safu ya wauza vitunguu huisikia chupa kwanza, huvutwa nayo, na akisogea hatua ishirini ndipo alisikiapo gitaa. Abana ba Nasery, waimbaji watatu wa Bunyore, yaani Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliendelea kushika magitaa mawili na chupa hiyo hata katika enzi za umeme, na mwaka 1992 albamu yao ilitolewa Uingereza.

Lugha nayo ilichaguliwa na soko. Katika masoko ya kando ya reli walikutana Mluhya, Mjaluo, Mnandi na Mhindi mwenye duka. Mwimbaji aliyeimba kwa lugha ya mama peke yake aliwaacha nusu ya wateja wake wakipita. Kwa hiyo nyimbo nyingi za magitaa ziliimbwa kwa Kiswahili, na wimbo wa Mukabi uitwao "Sengula Nakupenda" ni mmoja wao. Jambo hilo halikuwa la Kenya pekee. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa barabarani katika mji wa Jadotville huko Katanga, uitwao sasa Likasi. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha kwao, na alipokuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 hakuhitaji mkalimani. Sisi waalimu hujivunia kwamba shule ndizo zilizokieneza Kiswahili bara. Haki itolewe: gitaa lilifanya sehemu ya kazi hiyo, nalo halikumtoza mtu karo.

Kisha likaja soko la pili, soko la sahani za santuri. Wenye studio za Nairobi na Mombasa waliwatafuta wapigaji, wakawalipa kiasi cha fedha mara moja kwa kila wimbo, na biashara ikaishia hapo kwa upande wa mwimbaji. Sahani ikiuzwa elfu moja au elfu ishirini, yeye hakuongezewa senti. Wengi wao hawakujua kwamba wimbo ni mali. Na wangejuaje? Sokoni wimbo ulikuwa kama moto wa jirani: kila mtu huja kuuazima, na mwenyewe hapungukiwi. Ubishi juu ya nani aliyeutunga wimbo wa "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi na Miriam Makeba akaueneza duniani, ulitokana na hali hiyo. Sasa kumbuka pakruok. Kwa jathum, sarafu ilifuata furaha papo hapo, hadharani. Kwa mwimbaji wa santuri, furaha ilikuwa Kampala au Dar es Salaam, na sarafu ilikuwa mfukoni mwa mtu asiyemjua. Sisemi kwamba soko la zamani lilimtajirisha mtu, halikumtajirisha. Lakini halikumficha hesabu.

Ayub Ogada alizijua hali zote mbili. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake. Jijini London alipiga njiani na katika stesheni za treni za chini ya ardhi, mahali ambapo wapita njia wana haraka kuliko watu wa soko lolote la Nyanza. Wenye kurekodi wakamsikia, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake "En Mana Kuoyo". Wimbo wake "Kothbiro" ulitiwa katika filamu "The Constant Gardener" ya mwaka 2005. Alirudi Kenya, akafariki mwaka 2019.

Siku hizi muuza dawa ya panya ana kipaza sauti chenye betri, na maneno yake yamerekodiwa, hayachoki wala hayanywi maji. Chupa ya Fanta haiwezi kushindana na kitu hicho. Mpiga gitaa kavu akija husogezwa pembeni, penye punda na mikokoteni, na huko nako mtoza ushuru humfikia. Nimesikia ikijadiliwa kama yampasa kulipa ushuru wa soko sawasawa na muuza nyanya, maana naye amekuja kuchuma. Wanafunzi wangu hugawanyika katika swali hili, na wale wenye wazazi wauzao nyanya husema kwa ukali. Mimi husema asitozwe: muuza nyanya huja mahali penye wateja, lakini mpiga gitaa huwakusanya mwenyewe, na wakisha kukusanyika ni nyanya zinunuliwazo.