Mdagu: Ua la nyika linalostahimili ukame, lakini utomvu wake ni sumu

KWA wakazi wengi wa miji yetu, kutunza bustani ya maua ni vita ya kila siku na bomba. Maji yakikatika kwa juma moja tu, maua yaliyonunuliwa kwa fedha nyingi hunyauka, na mwenye nyumba hubaki na vyungu vitupu kibarazani.

Hata hivyo, upo mti mdogo wa maua ambao ukame si adui yake. Huo ni mdagu, ambao wauza miche wengi wameuzoea kwa jina la waridi la jangwani, ingawa hauna undugu wowote na mawaridi. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, na jamaa zake ni msanapiti na oleanda.

Si mgeni kwetu. Mdagu huota wenyewe katika nyika kavu za Kenya na Tanzania, na asili yake inaanzia Senegal, ikipita ukanda wa Saheli, Sudan, Ethiopia na Somalia, kisha ikavuka bahari hadi Yemen na Oman. Jina Adenium lenyewe limetokana na Aden, mji wa bandari nchini Yemen. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliukuta huko alipokuwa katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, akafariki dunia nchini humo mwaka 1763, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775.

Nyikani mdagu unaweza kufikia mita mbili au tatu. Ukipandwa katika chungu hubaki chini ya mita moja, na ndiyo maana unafaa kwa nyumba zisizo na uwanja mkubwa. Shina lake ni nene kwa chini mithili ya kibuyu, kwani humo ndimo mmea unamohifadhi maji. Maua yake, yenye umbo la tarumbeta na petali tano, huwa ya waridi au mekundu na hufifia rangi kuelekea katikati. Mara nyingi huchanua wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, hata mtu akadhani kuna aliyeyabandika maua juu ya mti mkavu.

Kabla ya kueleza namna ya kuupanda, ni vyema ikaeleweka kuwa mmea huu ni sumu kuanzia mizizi hadi maua. Utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hukamua utomvu wa mdagu na kuuchemsha mpaka uwe mzito, kisha huupaka katika mishale ya kuwindia. Sumu inayoweza kumwangusha mnyama wa porini haipaswi kuchukuliwa kimzaha ndani ya ua wenye watoto wanaotambaa.

Kwa sababu hiyo, chungu cha mdagu kiwekwe mahali ambapo mtoto mdogo hafikii, wala mbuzi. Matawi yaliyokatwa yasitupwe jalalani ambako mifugo huchakura. Anayepogoa avae glavu, anawe mikono kwa sabuni baada ya kazi, na asijifute macho kabla ya kunawa. Utomvu ukiingia jichoni, lisafishwe papo hapo kwa maji mengi. Mtu akitafuna sehemu yoyote ya mmea, asilazimishwe kutapika wala asisubiriwe aonyeshe dalili. Apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha tawi kichukuliwe ili daktari ajue anachokabiliana nacho.

Tukirudi katika upandaji, jambo la kwanza ni udongo. Mdagu haufi kwa kiu, hufa kwa maji yaliyotuama. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kwa mahindi ni neema, kwa mmea huu ni kaburi. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za mchanga mnene wa mtoni au kokoto ndogo kwa sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri, na mkaa uliopondwa ukiongezwa utasaidia maji kupita. Mchanga wa ufukweni usitumike kwa kuwa una chumvi.

Chungu kiwe kipana kuliko kina chake, na kiwe na tundu kubwa chini. Cha udongo ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu hukauka upesi. Isitoshe, shina linaponenepa huweza kupasua plastiki.

Umwagiliaji ndio unaowashinda wengi. Kanuni ni kumwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha kuacha udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Wakati wa joto kali hiyo inaweza kuwa mara mbili kwa wiki. Majani yakipukutika, hata mara moja kwa wiki mbili yatosha. Ili kujua hali ya mmea, bonyeza shina kwa kidole. Likiwa gumu, mmea una afya. Likibonyea kidogo huku udongo ukiwa mkavu, una kiu. Likibonyea huku udongo ukiwa na unyevu, basi limeanza kuoza.

Mmea uliooza huweza kuokolewa ukiwahiwa. Ung'olewe, sehemu yote laini ikatwe kwa kisu safi mpaka ionekane nyama nyeupe, halafu uachwe kivulini kwa siku kadhaa hadi kidonda kikauke. Baada ya hapo upandwe katika mchanga mkavu na usipewe maji kwa wiki nzima.

Kwa wakazi wa pwani, hatari kubwa ni mvua za masika, hivyo vyungu visogezwe chini ya paa. Kwa walio Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi tatizo ni baridi ya kuanzia Juni hadi Agosti, kwani mdagu hauvumilii jotoridi la chini ya nyuzi 10. Uwekwe karibu na ukuta unaopigwa na jua, na maji yapunguzwe sana. Kokote ulipo, unahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku; kivulini hurefuka bila maua.

Maua hutokea katika ncha za matawi. Kwa hiyo kupogoa mwanzoni mwa msimu wa joto huongeza matawi, na pamoja nayo maua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani tu.

Wadudu wake ni vidung'ata na utitiri, lakini anayeshtua zaidi ni kiwavi mkubwa wa kijani wa nondo anayeshambulia pia oleanda. Anaweza kumaliza majani yote kwa siku chache. Kwa chungu kimoja au viwili, kumwokota kwa mkono kunatosha, na sioni haja ya kununua dawa.

Mnunuzi awe makini pia na asili ya mche. Uliotokana na mbegu hujenga shina nene mapema, ilhali ule wa kipandikizi cha tawi huweza kukaa miaka mingi ukiwa mwembamba, na bei yake isilingane na wa kwanza. Miche inayong'olewa porini haifai kununuliwa: mara nyingi mizizi imejeruhiwa, na nyika inabaki tupu.

Anayetaka mbegu zake mwenyewe azifunge kwa uzi zile ganda mbili zinazofanana na pembe kabla hazijapasuka, kwani kila mbegu ina manyoya katika ncha zote mbili na hupeperushwa na upepo. Mbegu mpya huota ndani ya wiki moja hivi, na mche hutoa maua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Rangi ya maua yake, hata hivyo, huenda isifanane na ya mama. Wakulima wa Thailand na Taiwan, ambao wamezalisha aina nyingi zenye petali zilizopangana, hutunza rangi wanayoitaka kwa kubebesha kikonyo cha mti huo juu ya shina la mche mwingine wa mbegu.